Sonona na Kipandauso

Kuna kamati, jina lake nalihifadhi, iliyoona vyema dipresheni iitwe "mfadhaiko". Wapinzani wao wakashikilia "msongo wa mawazo". Yote mawili yanapotosha. Mfadhaiko umetoka kwenye fadhaa, yaani kutaharuki. Na msongo wa mawazo humpata yeyote anayedaiwa kodi ya nyumba. Sonona inabeba yaliyowashinda hao, kwa kuwa kusononeka ni kuona uchungu moyoni na pia ni kuumwa mwilini kwa maumivu yasiyokatika. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Utafiti wa nchi 14 uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba asilimia 69 ya wagonjwa wa sonona walitaja dalili za mwili tu kuwa ndizo zilizowapeleka kwa daktari. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola akifika zahanati hasemi amefadhaika. Anasema kichwa kinamgonga, mgongo unawaka, usingizi hauji. Anapewa panado, anarudi shambani. Watakaodai kuwa sonona ni huzuni tu wakumbuke kuwa huzuni ina neno lake, nalo ni huzuni.

Kichwa hicho kinachogonga nacho huenda kikawa kipandauso, jina linalobezwa na wasomi wetu eti ni la kizee, wakataka tuseme "maigreni". Asili ya hilo lao ni Kiyunani, hemikrania, nusu ya fuvu, likapitia Kilatini na Kifaransa hadi kuchakaa; na bado linakosea, maana wengi huumwa pande zote mbili. Kipandauso hakigawi fuvu, kinataja mwendo: maumivu yanaupanda uso. Wala si ugonjwa wa kigeni. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, kusini mwa Karatu, uliochapishwa mwaka 2010, uliukuta kwa takriban asilimia 4 ya watu zaidi ya 7,000, wanawake wakiwa karibu mara tatu ya wanaume. Huko Detroit, Naomi Breslau na wenzake walionyesha mwaka 2003 kuwa kipandauso huongeza hatari ya sonona, na sonona huongeza hatari ya kipandauso. Amitriptilini, kidonge kilichozoeleka hospitalini, hutumika kwa yote mawili, ingawa kwa kipandauso dozi huwa ndogo zaidi. Maradhi yanayoandamana hivi yanastahili majina yanayokubali kukaa pamoja, na "mfadhaiko wenye maigreni" hautamkwi na mtu Karatu wala Endulen.

Kwa matumizi: faili liandikwe "sonona yenye kipandauso", na anayelalamikia kichwa kila mara aulizwe pia kuhusu usingizi, hamu ya kula na kukata tamaa.