Alama ya Kandili Kwenye Redio ya Mbulu

Leo nawaletea historia ya kitu kimoja kilichopo ukumbini kwangu: redio ya mbao iliyotoka kwa wakwe zangu, Mbulu, mkoa wa Manyara. Baba mkwe aliinunua Arusha mjini mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikakaa juu ya kabati la mama mkwe kwa zaidi ya miaka 60.

Iliwezaje kufika Unguja? Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu wengi walifariki. Shangazi wa mume wangu alinusurika, lakini nyumba yake ilikwenda na vyote vilivyokuwamo: picha, vyeti, hata vyombo vya arusi yake. Mama mkwe, ambaye yuko salama Mbulu, akatwambia, "Ichukueni redio. Vitu vya baba yenu visikae vyote mahali pamoja."

Tukaichukua. Haikupita hata miezi sita, kasha likaanza kubambuka.

Makasha ya redio za zamani hayakuwa mbao nzuri tupu. Ndani ni mbao ya kawaida, na juu yake imegandishwa vinia, yaani ubao mwembamba kama ganda la kitunguu, uliochaguliwa kwa uzuri wa mistari yake. Redio yetu iligandishwa kwa gundi ya zamani inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hushika vizuri pakiwa pakavu, lakini unyevu ukizidi hulainika. Mbulu ni nyanda za juu zenye baridi. Sisi huku chumvi na unyevu wa bahari vinaingia mpaka kwenye kabati la nguo. Vinia ikavimba, pembe zikainuka.

Nikamwita fundi seremala. Akaiangalia, akasema, "Bi mkubwa, tubandue yote tuweke mpya. Hata hii alama ya moto itaondoka." Juu ya kasha kuna duara jeusi, saizi ya kitako cha kandili. Kwa kweli nilikubali. Nani anataka alama ya moto ukumbini?

Usiku nikampigia mama mkwe kumpa habari njema. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nilipomwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile alama niliiweka mimi."

Hapo ndipo aliponipa somo la historia. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Radio Tanzania ilitangaza vipindi, na nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza, kusoma kijitabu na kujadili malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Baada ya hapo walitakiwa kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kulinda maji. Kikundi kimoja kilikutana kwa mama mkwe jioni, kwa sababu yeye alikuwa na redio. Kandili aliiweka juu ya kasha ili kijitabu kisomeke. Jioni moja majadiliano yalinoga, wakasahau kandili, mbao ikaungua.

Akaniambia na jambo jingine. Nyumbani kwao walizungumza Kiiraqw, na majirani wa upande wa Hanang Kidatoga. Kiswahili chake kingi alikipata kwenye kasha lile. Mimi mtu wa Unguja, niliyekuwa nikitabasamu kwa matamshi yake, niliona haya.

Tena redio wakati ule haikuwa kitu cha kila nyumba. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kwa muda sauti yake haikufika mbali na mji. Redio za taa za zamani zilikula betri kubwa na za gharama. Transista, zilizoingia madukani Marekani mwaka 1954, ndizo zilizoiwezesha redio kuishi kwa betri ndogo kijijini kusikokuwa na umeme. Ya kwetu ni ya namna hiyo.

Asubuhi nikamwambia fundi tuitengeneze bila kubandua. Akatoa mashine yote ndani kwanza. Akaweka kitambaa chenye unyevu kidogo juu ya vinia, akapitisha pasi ya uvuguvugu mpaka gundi ya zamani ikalainika, akabana kwa vibao na mawe usiku kucha. Pembe iliyovunjika akaitia kiraka kwa kufuata mistari ya mbao. Mwisho akapaka polishi ya shelaki kwa pamba iliyofungwa kitambaani, tabaka juu ya tabaka. Duara jeusi likabaki, linang'aa pamoja na mengine.

Sasa imekaa mbali na dirisha na ukuta wenye unyevu. Mgeni akiuliza kwa nini sikuondoa alama ile, namwambia walipokaa wanawake wa Mbulu wakijifunza kulinda watoto wao.

Shoga yangu, kabla hujamwita fundi akuondolee doa kwenye kitu cha wazee, mpigie kwanza mwenyewe umuulize, maadamu Mungu bado amempa uhai.