Meli Iliyozama Ikaibuka

Sisi watu wa milimani, wa Kasulu na Kibondo, hatuna bahari. Lakini twaijua meli Liemba ya ziwa Tanganyika.

Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa gari la moshi hata Kigoma. Tarehe 5 Februari 1915 ilishushwa majini, jina lake Graf von Götzen, ikachukua askari na mizinga. Julai 1916, Wabeljiji walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe; lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito, isiliwe na kutu.

Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaona mitambo ingali yafaa; mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipowasukuma watu maelfu hata Kagunga, Liemba iliwachukua mpaka Kigoma, na wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, huku kwetu Kasulu. Basi, chombo kilichotumika vitani kiliwaokoa waliokimbia vita. Mafundi wale hawakujua mafuta yao yangemfaa nani. Kazi iliyotendwa vema haichagui wa kumfaa.