Ishirini na Moja: mchezo wa televisheni uliofika mpaka Bungeni

Huku Arlington tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Mmoja wenu aliniuliza kwenye simu: hivi michezo ya chemsha bongo ya Wamarekani, ile ya mapesa mengi, ni ya kweli au wanapangiwa? Siku hizi kupanga ni kosa la jinai. Ila kuna kisa nyuma yake, na kiliishia jirani kabisa na hapa. Ukipanda treni Rosslyn, inapita chini ya mto Potomac, na baada ya robo saa na ushee unashuka Capitol South, kwenye majengo ya Bunge. Huko ndiko ukweli ulikotoka.

Mchezo uliitwa Twenty-One, yaani ishirini na moja. Ulianza NBC tarehe 12 Septemba 1956, mtangazaji akiwa Jack Barry. Washindani wawili walifungiwa kila mmoja kwenye kibanda chake cha kioo, asijue mwenzake ana pointi ngapi. Ukitajiwa mada, unachagua uzito wa swali, kuanzia 1 mpaka 11. La 1 jepesi, la 11 la kukutoa jasho. Ukipata unaongezewa pointi, ukikosa unakatwa. Wa kwanza kufika 21 ndiye mshindi. Baada ya raundi mbili unaruhusiwa kusimamisha mchezo, na hapo anayeongoza anashinda. Kila pointi ya tofauti ilikuwa dola 500: ukishinda 21 kwa 10, unaondoka na dola 5,500. Mkitoka sare mnarudia, na bei ya pointi inapanda.

Mchezo mtamu, sivyo? Tatizo ni kwamba siku ya kwanza ulichezwa kwa haki, na washindani wakakosa maswali ovyo ovyo. Mdhamini, watengenezaji wa dawa ya Geritol, akaja juu. Tangu hapo mtayarishaji Dan Enright akaanza kugawa majibu.

Herbert Stempel alikuwa mwanafunzi wa City College, New York. Alipewa majibu, akaambiwa avae suti isiyomkaa, akafundishwa hata namna ya kujifuta jasho: gusagusa paji la uso, usipanguse. Kiyoyozi cha kibandani kilizimwa ili jasho litoke kweli! Watu walipomchoka, akaletwa Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana mtanashati, mtoto wa mshairi maarufu. Tarehe 5 Desemba 1956 Stempel aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya 1955. Jibu ni Marty, na yeye alikuwa ameitazama mara tatu na kuipenda. Lakini alishaagizwa ajibu On the Waterfront. Akajibu hivyo.

Van Doren akaendelea mpaka Machi 1957, akajikusanyia dola 129,000 na picha yake kwenye jalada la jarida la Time.

Stempel alilalamika, watu wakamwona ana wivu tu. Mwaka 1958 mchezo mwingine, Dotto, ukaumbuka baada ya daftari la mshindani mmoja kukutwa na majibu. Oktoba mwaka huo Twenty-One nao ukafungwa, miaka miwili tu tangu uanze. Mwaka 1959 kamati ndogo ya Bunge, chini ya Oren Harris, ikaita mashahidi. Mshindani mwingine, James Snodgrass, alikuwa amejiandikia majibu kabla ya kipindi na kujitumia mwenyewe kwa barua ya rejista. Bahasha ikafunguliwa mbele ya kamati, majibu yamo, na muhuri wa posta ni wa Mei 1957. Huyo bwana alikuwa na akili!

Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren akakiri. Alipoteza kazi Columbia na NBC, na mwaka 1962 akakubali kosa la kusema uongo chini ya kiapo huko New York, akapewa kifungo cha nje. Kumbe kupanga mchezo wenyewe hakukuwa kosa kisheria. Sheria ilitungwa 1960. Van Doren alifariki 2019, Stempel 2020.

Mimi huwa namfikiria Stempel kuliko mwenzake. Jibu analo mdomoni, mama yake na mtaa mzima wanamtazama, naye anajifanya hajui.

Na sisi tulio ughaibuni tuna kibanda chetu cha kioo. Mnatuona kwenye picha tumevaa vizuri, mnadhani tunaongoza. Ukiniuliza hali, nasema nzuri tu, najigusagusa paji la uso. Basi mkinipigia tena niulizeni mara mbili. La pili nitalijibu kweli.

Wasalaam, na mnisalimie wote nyumbani.