Vitu vya kubeba kabla ya kupanda Mlima Londiani msimu wa vuli

MSAFIRI atokaye Mombasa au Kisumu na kushuka Londiani jioni akiwa amevalia fulana pekee hujuta kabla ya giza kuingia.

Mji huo wa Kaunti ya Kericho uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mlima Londiani ulio karibu nao, ambao pia hujulikana kama Mlima Blackett, hufikia karibu mita 3,000.

Kwa kawaida, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 ambazo mtu hupanda. Hii ina maana kuwa mjini Londiani kuna baridi kuliko Kisumu kwa nyuzi saba hivi, na kileleni baridi huzidi ile ya mjini kwa nyuzi nne nyingine. Upepo na mvua huifanya ihisiwe kuwa kali zaidi.

Familia na vikundi vya vijana hupenda kuzuru milima mwezi Novemba na Desemba, shule zinapofungwa. Huo ndio msimu wa vuli, na wageni kutoka pwani huenda wakadhani kuwa mvua yake ni manyunyu ya kupita. Nyanda za juu za Kericho na Bomet hupata mvua karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu majani chai hustawi huko.

Aghalabu asubuhi huwa shwari. Jua linapopanda, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea milimani, mawingu yakatanda na mvua ikanyesha alasiri, mara nyingi ikiandamana na radi. Wakati mwingine huwa mvua ya mawe, ile iharibuyo majani chai mashambani.

Kwa hivyo, kitu cha kwanza cha kufunga mkobani ni koti la mvua lisilopenya maji, nacho kiwekwe juu kabisa ili kipatikane upesi. Mwavuli haufai sana msituni, kwa kuwa hunaswa na matawi na kupinduliwa na upepo.

Mavazi ni heri yawe mepesi kadha yanayovaliwa moja juu ya jingine, kuliko koti moja zito. Msafiri huvua moja anapopata joto njiani na kulivaa tena anapopumzika. Sweta na kofia ya sufu hufaa zaidi, kwani sufu huhifadhi joto hata ikiloa. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba hufyonza maji, hukawia kukauka na kuupokonya mwili joto lake. Mavazi ya baridi hupatikana kwa bei nafuu katika masoko ya mitumba.

Viatu viwe vyenye soli ya meno na vinavyokaza kifundo cha mguu, kwa sababu udongo wa huko huteleza ukiloa. Gambuti hufaa shambani lakini humchosha mpandaji. Soksi za ziada na nguo za kubadilisha zifungwe katika mfuko usiopenya maji.

Hata hivyo, mfuko huo usiwe wa plastiki ile ya dukani. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mnamo Agosti 28, 2017. Aidha, tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyolindwa. Maji yabebwe katika chupa ya chuma au nyingine ya kutumiwa tena, na chai ya moto katika themosi.

Mkoba pia uwe na chakula kisichohitaji kupikwa, tochi, bendeji, dawa ambazo msafiri hutumia kila siku, na simu iliyojaa chaji. Karibu na Ikweta giza huingia upesi baada ya jua kutua, na chini ya miti huingia mapema zaidi.

Hatari kubwa kwa aliyeloa ni mwili kupoteza joto. Dalili zake ni kutetemeka, ulimi kuwa mzito, kujikwaa na kusinzia. Mgonjwa akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hali yake imezidi kuwa mbaya. Avuliwe nguo zilizoloa, akingwe upepo, afunikwe blanketi na, iwapo ana fahamu, apewe kinywaji chenye joto na sukari huku msaada wa matibabu ukitafutwa. Pombe asipewe kamwe, kwani huzidisha upotevu wa joto.

Msitu wa Londiani ni sehemu ya misitu ya Mau na husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS). Ni vyema kupata idhini ya shirika hilo na kuandamana na mwelekezaji anayezijua njia. Kuwasha moto msituni bila idhini ni kosa la jinai.

Safari yenyewe huhitaji uangalifu kabla hata ya mlima kuonekana. Jioni ya Juni 30, 2023, trela ilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Kericho, na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Msafiri anayebadilisha matatu hapo asubiri mbali na lami.

La mwisho halihitaji nafasi mkobani. Kabla ya kuondoka, msafiri amwachie mwenyeji wake majina ya wote walio safarini, njia watakayofuata na saa ya kurejea. Wakichelewa, huyo ndiye atakayejua pa kuanzia kuwatafuta.