Mnaomcheka Thabeet, njooni hapa

Juzi hapa Ukunda kijana mmoja wa Msambweni, mrefu mpaka anainama mlangoni kwao, alisema anataka kujaribu basketi. Jamaa mmoja wa maskani akamkata: "Utaishia kama Thabeet." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wadau, tumjue kwanza tunayemcheka. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam 1987. Basketi alianza akiwa na miaka kama 15. Sasa piga hesabu: NBA wanamchagua 2009 akiwa na 22, yaani ameucheza mchezo miaka 7 tu. Wenzake wameshika mpira tangu chekechea. Ana mita 2.21, na pale chuo cha Connecticut alikuwa anazuia mitupo mpaka unawaonea wenzake huruma. Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7, Stephen Curry. Hapo ndipo kesi ilipofunguliwa.

Februari 2010, msimu wa kwanza haujaisha, wakamshusha ligi ndogo, Dakota. Hakuna aliyechaguliwa juu hivyo aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City. 2014 NBA ikaisha. Mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Ni kidogo, sibishi.

Lakini namba 2 hakujipa yeye. Walimpa wakubwa wenye suti, waliona urefu wakadhani wameona mchezaji aliyeiva. Majina yao unayajua? Hata mimi siyajui. La Thabeet tunalijua wote.

Halafu watu hadithi wanaikatia 2014, kumbe jamaa aliendelea. 2017 akaenda Japani, Yokohama. 2020 akatua Taiwan, timu ya Hsinchu, ana miaka 33 na bado analipwa kuzuia mitupo. Mimi niliacha chuo, na najua vile watu wanakuhesabu mpaka siku ile uliyotoka, baada ya hapo ni kama hukuishi.

Huyu wa Msambweni ana miaka 16. Thabeet wa umri huo ndiyo kwanza anajifunza kudunda mpira. Jumamosi nampeleka uwanjani. Ringi haina wavu, na kocha nimemwambia mapema asianze na kumpima urefu.