Mugonile, Sista

Asubuhi Kyela Wanyakyusa husalimiana "mugonile", yaani mmelala? Mama yangu mdogo, muuguzi mstaafu, anasema salamu hiyo ilimchosha kuliko zamu yenyewe. Anatoka wodini baada ya usiku mzima, anapita kwenye mashamba ya kakao kwenda nyumbani, na kila jirani anamuuliza kama amelala. Anaitikia kwamba amelala.

Anazungumzia miaka ya tisini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004. Katikati kuna miaka 21, na historia tunazosoma huihesabu kwa maambukizi na vifo. Waliobadilisha mashuka hawamo. Kyela iko njiani kwenda mpaka wa Kasumulu, malori yakiingia na kutoka Malawi, na Mbeya ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Muuguzi alikuwa na nini mkononi? Dripu, dawa za magonjwa nyemelezi kama zipo, beseni la maji, na maneno. Mara nyingine aliyelala kitandani alikuwa mtu aliyesoma naye shule ya msingi.

Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Makala ya Godfrey ya mwaka 1939 kuhusu mazishi inaeleza msiba wenye kelele: wanawake wanaomboleza kwa sauti, ngoma zinapigwa, wanaume wanacheza ngoma ya vita. Huzuni ilikuwa kazi ya mwili, tena ya kijiji kizima. Nadhani tuanzie hapa, kabla hatujamfikia Herbert Freudenberger aliyeandika mwaka 1974 juu ya kuchoka kwa wahudumu wa kliniki ya bure New York. Wodini marehemu hufunikwa, pazia huvutwa, muuguzi husogea kitanda cha pili. Kesho yake hana tanga la kukaa.

Nilimuuliza mama mdogo alivumiliaje. Nilitegemea aseme Mungu, na alisema. Kisha akaongeza: "Tulikuwa tunaenda misibani."

Siku ya mapumziko wauguzi watatu au wanne walipakiwa kwenye baiskeli hadi vijiji vya Ipinda, wakajifunga khanga, wakakaa chini na wanawake wengine, wakalia. Baadhi ya marehemu waliwakumbuka kwa namba ya kitanda tu. Wafiwa hawakuwauliza wao ni nani, waliwasogezea mkeka.