Babu Alikuja kwa Namba: Kutafuta Nasaba katika Madaftari ya Tanga

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa historia zoezi ambalo kwa macho ni jepesi: andika majina ya babu na bibi zako wote wanne, mahali walipozaliwa, na ushahidi ulio nao. Wengi hurudi na kurasa mbili tatu na hadithi tamu. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja aliyekulia kwenye kambi ya shamba la mkonge karibu na Muheza alinikabidhi karatasi yenye sentensi moja kuhusu baba wa baba yake: “Babu alikuja kwa namba.” Nilimpa alama nzuri, kwa kuwa sentensi ile ilibeba historia ya nusu ya mkoa wa Tanga.

Alirudi ofisini kwangu baada ya kuhitimu. Safari hii hakuja kwa ajili ya zoezi. Ofisi moja ilimtaka aeleze babu yake alizaliwa wapi, na alete uthibitisho. Bila hilo, karatasi zake zingebaki mezani. Tukaanza kutafuta pamoja, na yafuatayo ni yale tuliyojifunza njiani, likiwamo kosa langu mwenyewe.

Wapo watu duniani ambao kazi hii wameifanya kuwa burudani ya jioni. Mmarekani ambaye wazee wake walitoka Norway anaweza kuketi nyumbani na kumfikia babu wa babu yake kabla chai haijapoa. Uhamaji ule ulianza mwaka 1825, jahazi dogo la Restauration lilipotoka Stavanger kwenda New York, na katika miaka mia iliyofuata watu wapatao 800,000 waliondoka. Lakini walikotoka walikuwa wamekwisha kuandikwa. Sensa ya Norway ya mwaka 1801 iliorodhesha kila mtu kwa jina, umri, kazi na nafasi yake katika kaya. Mchungaji wa Kilutheri alikuwa mtumishi wa dola, na daftari lake la ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko lilikuwa daftari la serikali. Bandarini, polisi waliandika majina ya wanaoondoka. Leo hifadhi ya nyaraka ya taifa lao imeviweka vitabu hivyo kwenye mtandao bila malipo. Upande wa Marekani, fomu za sensa zenye majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Zile za 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Hata wao wana pengo lao: sehemu kubwa ya sensa ya 1890 iliharibika kwa moto Washington mwaka 1921, na watafutaji wa nasaba huuzungumzia moto huo kama msiba wa ukoo.

Sisi hatukuhitaji moto. Serikali ya Tanganyika ilifanya sensa kubwa mwaka 1948 na nyingine 1957, na serikali huru ikafanya yake mwaka 1967, ilipohesabu watu wapatao milioni 12.3. Zote tatu ziliuliza kabila; baada ya hapo swali hilo likaondolewa, kwa sababu za kisiasa ambazo binafsi naziunga mkono. Ukivifungua vitabu vya matokeo utaona jedwali la wilaya na makabila: Wabondei wangapi, Wasambaa wangapi, Wazigua, Wadigo, na kisha wageni wa mashamba, Waha, Wabena, Wamakonde, Warundi. Jina la mtu hata mmoja halimo. Tena sheria ya takwimu huzuia taarifa za mtu mmoja mmoja zisitolewe. Usajili wa vizazi nao, katika sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, haukuwa lazima kwa Mwafrika. Mtawala alitaka kujua idadi ya vichwa kwa ajili ya kodi na nguvu kazi. Jina lilikuwa la nini?

Jina lilimhusu mwajiri, naye alilibadilisha kuwa namba. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia uhuru nchi ilikuwa ikitoa tani zipatazo 200,000 kwa mwaka, na mikono iliyoukata mkonge huo ilitoka mbali. Wamiliki wa mashamba waliunda ofisi ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, iliyokusanya vijana Kigoma, Njombe, Songea na kwingineko, huku wengine wakivuka wenyewe kutoka Urundi na Msumbiji. Aliyetoka Kigoma alipanda treni ya reli ya kati, kisha akapakiwa kwenye lori kuja kaskazini, kwa maana reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi haikuwapo hadi mwaka 1963. Alipewa namba ya mkataba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa neno manamba, ambalo hadi leo watoto wa Tanga hutaniana nalo bila kujua kwamba ni jeraha.

Daftari la shamba, ukibahatika kulipata, lina namba, jina moja, kabila, na siku zilizotiwa alama kwenye kipande hadi zitimie 30. Lisomwe kwa tahadhari. Karani aliandika alivyosikia. Aliyewahi kutoroka mkataba hakuwa na sababu ya kujiandikisha kwa jina lile lile katika shamba la pili. Na safu ya “kabila” mara nyingi iliandikwa kwa kumtazama mtu amesimama foleni na nani. Mashamba yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha mengi yakabinafsishwa. Kila ofisi ilipohama, makabrasha ya zamani ndiyo yaliyobaki nyuma. Shamba alilofanyia kazi babu wa mwanafunzi wangu halina daftari la kabla ya 1970. Tulionyeshwa chumba chenye mitambo mibovu na popo.

Yanabaki makanisa. Katika pwani hii madaftari yake ndiyo kumbukumbu ya zamani kuliko zote zinazotaja watu wa kawaida kwa majina, na yalianza na watu ambao hawakuwa na kwao pa kuwadai. Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani mwaka 1868. Wamisionari wa UMCA walijenga kanisa lao Unguja pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na wanafunzi wao wa Kiungani, wengi wakiwa watoto waliookolewa kwenye majahazi, baadhi yao walikuja kuwa walimu bara, hata huku Magila. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London masimulizi ya vijana hao wa Kiungani kuhusu walikotoka. Kule Lutindi, milimani juu ya Korogwe, Wajerumani walifungua katika miaka ya 1890 makao ya watoto waliokombolewa, kabla ya mahali hapo kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ofisi za wilaya za Wajerumani nazo zilitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watumwa, ingawa utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi Waingereza walipofanya hivyo mwaka 1922.

Ni lazima niongeze kwamba njia hii inamsaidia zaidi Mkristo. Familia za Kiislamu za Tanga mjini, Pangani na Moa zina shajara zao, hati za wakfu na kumbukumbu za ndoa zilizowekwa na makadhi, lakini shajara huandikwa na mwenye cha kurithisha. Mjukuu wa mpagazi haimtaji. Wengine waliamua kutoitafuta. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, alikuwa wa asili ya Kiyao, akaishi na kuandika kama Mswahili, Muislamu mwenye jina la Robert. Mtafiti wa karne ijayo atakayelikuta jina hilo peke yake kwenye orodha ya mishahara ataliweka upande wa wamisionari na atakuwa amekosea kabisa.

Turudi kwa kijana wetu. Babu yake alikuwa Mkatoliki, na hapo kuna utaratibu ambao kila mtafutaji wa nasaba anapaswa kuujua. Sheria ya Kanisa Katoliki huagiza kwamba ndoa ikifungwa, taarifa ipelekwe parokia aliyobatiziwa mhusika, ikaandikwe pambizoni mwa mstari wa ubatizo wake. Kwa hiyo daftari la ndoa la ugenini sharti litaje mahali pa ubatizo. Paroko mmoja mwenye subira alitufungulia kabati, na siku ya pili tulimpata: ndoa ya mwaka 1949, kwa Kilatini, jina la ubatizo, jina la kikwao lililofutwa na kuandikwa upya, kabila Muha, kabatizwa Muyaga.

Kijana alifurahi. Mimi nilinyamaza. Muyaga ni misheni kongwe ya Mapadre Weupe, na iko Burundi.

Sheria ndiyo iliyoninyamazisha. Tarehe 9 Desemba 1961, uraia wa Tanganyika ulimwangukia moja kwa moja kila aliyezaliwa nchini akiwa chini ya himaya ya Uingereza, isipokuwa yule ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa nje. Baba wa mwanafunzi wangu alizaliwa kambini mwaka 1952. Karatasi tuliyoihangaikia ilikuwa inaelekea kumvua uraia baba, na kupitia kwake mwana. Nikamweleza kwamba daftari linasema alikobatizwa mtu, halisemi alikozaliwa. Kwamba Kiha na Kirundi husikilizana. Kwamba watu wa mpakani walivuka kwenda misheni iliyokuwa karibu, na mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya kati ya Waingereza na Wabelgiji baada ya vita vya kwanza. Yote hayo ni kweli, na yote hayo afisa mwenye foleni ya watu arobaini hana muda nayo.

Wala sisemi kwamba dola yetu haijui kusikiliza ushahidi wa namna nyingine. Wilayani Handeni, mahali paitwapo Chogo, wanaishi watu waliokuja kwa vyombo vya bahari wakikimbia vita vya Somalia baada ya 1991. Wazee wao walichukuliwa kutoka Uzigua katika karne ya 19, njaa ikiwa imeibana nchi, wakauzwa pwani ya Somalia, wakatoroka hadi bonde la mto Juba; masimulizi yao humtaja mwanamke Wanakhucha aliyewaongoza. Hawakuwa na cheti cha ubatizo wala kipande. Walikuwa na Kizigua, ambacho wenyeji wa Handeni walikielewa, na majina ya koo. Zaidi ya elfu moja kati yao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Mtu aliyerudi baada ya zaidi ya miaka 150 aliaminiwa kwa ulimi wake. Mtu ambaye hajawahi kutoka Muheza anadaiwa karatasi ya babu. Nawaachia watumishi wa umma wanaosoma hapa walitafakari hilo, kwa kuwa baadhi yenu ndio mnaokaa upande wa pili wa meza.

Sasa kosa langu. Kwa wiki tatu tulimtafuta babu. Fomu iliuliza babu, kijana aliuliza babu, nami niliyefundisha miaka mingi kwamba Wamakonde na Wayao wa mashamba yale walipoteza ukoo wao kwa sababu karani aliuliza jina la baba tu, sikuisoma safu ya pili ya mstari ule ule wa mwaka 1949. Katibu wa parokia ndiye aliyeweka kidole: “Na huyu bibi harusi je?” Bibi harusi, ilisema safu, alibatizwa Magila, Anglikana.

Familia nzima ilimjua. Alikuwa Mbondei wa Mkuzi, mwendo mfupi kutoka kambini, aliyewalea wajukuu wote na kuzikwa miaka michache tu iliyopita. Hakuna aliyefikiri kwamba asili yake ni ushahidi wa chochote. Lakini kanuni ya 1961 haikusema baba, ilisema wazazi. Mmoja akizaliwa Tanganyika, inatosha.

Tulikwenda Msalabani siku ya Jumanne. Daftari lina jalada lililoshonwa upya kwa uzi wa katani, kurasa zake zimeliwa pembeni na mchwa, na hakuna nakala nyingine popote tuliyoweza kuisikia. Mstari wake uko mzima: jina lake, jina la baba yake, jina la mama yake pia, kijiji Mkuzi, umri wiki tano. Kijana aliunakili kwa mkono, akaomba barua ya kanisa yenye muhuri, na kwenye fomu, mahali palipoandikwa “babu”, akaandika kwanza jina la bibi.